Mungu Hatawaacha, au Atawaacha?



Mwezi huu nataka kunena habari ya vyombo vya kukuzia sauti kanisani, kwa sababu makanisa mengi yamekwisha kuvinunua, lakini si yote yanayosikiwa vizuri zaidi baada ya kuvinunua. Watu huchanga fedha mwaka mzima. Masanduku huja kwa chombo kutoka bara, hupakuliwa kwa uangalifu kama mayai, na Jumapili ya kwanza nyumba yatetemeka, vijana wafurahi, na mzee aliyeketi karibu na mlango hatambui hata neno moja. Akiulizwa kama amesikia, hujibu, "Nimesikia sana." Ni kweli, amesikia. Kuelewa ni jambo jingine.

Tafadhali soma kwa sauti maneno haya mawili: "hatawaacha", "atawaacha". Mungu hatawaacha watu wake: hiyo ni ahadi. Mungu atawaacha watu wake: huo ni msiba. Kati ya hayo mawili pana pumzi moja tu, yaani herufi h, nayo ni dhaifu kuliko karibu sauti zote tunazozitamka. Tena tazama maneno haya: alikuja, alikula, alikuta, alikufa. Irabu zake ni zile zile, kwa utaratibu ule ule. Tofauti yote imo katika konsonanti moja iliyo katikati ya u na a. Mtu akiikosa konsonanti ile, Krismasi, Karamu ya Mwisho na Ijumaa Kuu zimekuwa kitu kimoja kwake.

Msidhani natania. Katika mtaa mmoja wa bara, ambao sitautaja, mama mmoja mzee alihudhuria mafundisho ya ubatizo miaka miwili, wala hakukosa siku isipokuwa alipougua. Siku ya kuulizwa maswali, aliulizwa Bwana Yesu alipatwa na nini siku ya Ijumaa. Akajibu kwa adabu, "Alikula, Baba." Waliokuwapo wakacheka. Wazee wa kanisa wakashauri angoje mwaka mwingine, maana akili zake zimechoka. Mjukuu wake ndiye aliyesema kwamba bibi huketi daima nyuma kabisa, chini ya spika kubwa, kwa kuwa ndiko walikopangiwa wanafunzi wa ubatizo. Basi akaketishwa mkekani mbele ya mwalimu, pasipo chombo chochote, akafundishwa polepole juma baada ya juma, na alipoulizwa tena akajibu yote. Akili zake zilikuwa nzima siku zote. Alichokuwa amenyimwa ni konsonanti.

Sauti ya mtu ina sehemu mbili. Irabu hutoka kwa nguvu nyingi, na sehemu kubwa ya nguvu hiyo iko chini ya mitetemo 1,000 kwa sekunde. Konsonanti kama s, f, t, k na sh ni hafifu, nazo hupambanuliwa zaidi katika mitetemo 2,000 hata 4,000 na kupita. Kwa hiyo nguvu imo katika irabu, lakini maana imo zaidi katika konsonanti. Na uzee, unapoingia masikioni, huondoa zile sauti za juu kwanza. Ukimpigia mzee kelele umemwongezea kile alichokuwa nacho tayari, wala hukumpa kile alichopungukiwa.

Katika amplifaya mna kifundo cha besi, ambacho vijana wa kwaya hupenda kukizungusha hata mwisho. Mimi siwalaumu, ngoma nzuri yataka besi. Lakini mahubiri hayaitaki. Kabla ya somo kusomwa, besi irudishwe nyuma, na sauti za juu ziongezwe kidogo tu, zisije zikauma masikio. Kazi hii haina gharama hata senti moja, nami nimeona kanisa zima likainua vichwa kwa ajili yake.

Lakini tujiulize kwanza: je, kanisa lako lahitaji chombo? Ezra alisoma torati mbele ya makutano tangu asubuhi hata adhuhuri, akiwa amesimama juu ya jukwaa la mti lililofanyizwa kwa kazi hiyo, na wengine wakaeleza maana. Bwana wetu aliketi katika mashua, na watu wakasimama pwani. Wavuvi wa huku kwetu hawashangai habari hiyo, kwa kuwa wajua jinsi mazungumzo ya watu walio ndani ya ngalawa yanavyofika nchi kavu bahari ikitulia: maji tulivu huirudisha sauti badala ya kuimeza, na pwani inayopanda humfanya kila mtu amwone msemaji. Mwaka 1739, mhubiri George Whitefield alihubiri nje katika mji wa Philadelphia, na Benjamin Franklin, mtu aliyependa kuhesabu mambo, akaenda akirudi nyuma barabarani mpaka sauti ilipopotea, akapiga hesabu kwamba watu zaidi ya 30,000 wangeweza kumsikia. Sisi hatuna makoo ya Whitefield. Hata hivyo, nyumba ya watu hamsini au sitini, iliyo kimya, yenye msomaji ajuaye kusoma, haihitaji chombo. Yahitaji jukwaa la kimo cha magoti na msomaji asiyemeza mwisho wa maneno.

Spika ya kukusanyia watu si jambo la kale. Peter Jensen na Edwin Pridham, waliofanya kazi yao Napa katika California, waliifikisha sauti kwa umati mkubwa huko San Francisco usiku wa kuamkia Krismasi ya mwaka 1915. Mwaka 1919 Rais Wilson wa Marekani alitumia chombo chao kuwahutubia watu wapata 50,000 katika mji wa San Diego. Lakini hayo yalikuwa mahali pa wazi, pasipo kuta. Ndani ya nyumba pana adui mwingine, naye ndiye mkubwa kuliko udogo wa sauti.

Adui huyo ni mwangwi. Sauti huenda mita 340 hivi kwa sekunde. Neno likitoka kinywani hufika sikioni moja kwa moja, kisha hufika tena likitoka ukutani, tena kutoka darini, tena kutoka sakafuni. Yale yanayofika upesi, katika sehemu ya ishirini ya sekunde, sikio huyaunganisha na neno lenyewe, nayo husaidia. Yanayochelewa kupita hapo huyafunika maneno yanayofuata. Irabu ya neno la kwanza hulalia konsonanti ya neno la pili, na h ya "hatawaacha" huzikwa pale pale.

Mtu aliyeifanya habari hii kuwa elimu ni Wallace Sabine, mwalimu wa Chuo cha Harvard. Mwaka 1895 aliombwa atengeneze ukumbi mpya wa mafundisho ambao wanafunzi hawakuweza kumwelewa mwalimu ndani yake. Alikuta kwamba sauti moja iliendelea kuzunguka mle ndani zaidi ya sekunde 5. Basi usiku, mji ukiwa kimya, alikuwa akichukua mito ya viti kutoka ukumbi mwingine, akiipanga kidogo kidogo, akipiga filimbi ya kinanda na kupima sauti inavyokufa. Kila alipoongeza mito, sauti ilikufa upesi zaidi. Tena kipimo chake cha kulinganishia vitu vyote kilikuwa dirisha lililo wazi, kwa maana sauti inayotoka dirishani hairudi tena.

Sisi wa pwani tumepewa dirisha hilo bure. Kanisa la mawe ya matumbawe na chokaa, lenye sakafu ya saruji na paa la mabati, hurudisha sauti pande zote. Fungua madirisha, na sehemu ya adui imetoka nje. Kanisa Kuu la Mkunazini, Unguja, ambalo Askofu Edward Steere alilijenga kuanzia mwaka 1873 mahali palipokuwa na soko la watumwa, lina paa la tao la mawe ya matumbawe na saruji. Majengo ya namna hiyo ni mazuri mno kwa nyimbo, lakini humtaka msomaji aende polepole na kungoja sauti yake itue kabla ya kusema tena. Na hapa nitasema neno ambalo wengine hawatalipenda: kwa mahubiri, kanisa la makuti ni bora kuliko kanisa la mabati. Makuti hunywa sauti, na mvua ikinyesha hayapigi ngoma. Najua mabati hudumu, wala siwaambii watu wayang'oe. Lakini atakayeezeka kwa mabati na aweke dari chini yake kwanza, ndipo afikiri habari ya spika. Mvua ya masika ikiangukia mabati matupu, hapana chombo kiwezacho kushindana nayo. Afadhali mhubiri akae na watu waimbe mpaka ipite.

Ukuta wa nyuma, unaomkabili mhubiri, ndio unaostahili kuvikwa kwanza. Kisiwa chetu ni cha minazi, na makumbi tunayo tele. Nyuzi za makumbi zilizopondwa na kukaushwa, zikishindiliwa katika magunia hata yawe na unene wa kiganja, kisha zikatundikwa mbali kidogo na ukuta, humeza sauti vizuri. Mkeka mmoja mwembamba uliobanwa ukutani wafaa kidogo sana. Jambo moja la kuangalia: makumbi hushika moto upesi, kwa hiyo magunia yakae mbali na mishumaa na nyaya za umeme. Tena watu wenyewe humeza sauti. Ndiyo sababu chombo kilichojaribiwa Jumamosi kanisa likiwa tupu husikika vingine Jumapili likijaa.

Sasa tuje kwenye chombo chenyewe. Kina viungo vitatu: maikrofoni inayopokea sauti, amplifaya inayoikuza, na spika inayoitoa. Kosa kubwa huanza katika kiungo cha kwanza. Msomaji akiwa mbali na maikrofoni, fundi hulazimika kuikuza sauti sana, na hapo chombo hupiga ule mlio wa filimbi unaowafanya watoto kuziba masikio. Mlio huo ni sauti iliyotoka katika spika, ikaingia tena katika maikrofoni, ikakuzwa, ikatoka, ikaingia tena, bila mwisho. Dawa yake ni umbali. Ukiusogeza mdomo kutoka shibiri mbili mpaka shibiri moja, nguvu ya sauti iingiayo huongezeka mara nne, na amplifaya yaweza kupunguzwa. Umbali wa kati ya upana wa vidole vinne na shibiri moja ndio ufaao. Msomaji asinene moja kwa moja katika kichwa cha maikrofoni bali kando yake kidogo, p na b zisije zikalipuka. Wala asikifumbate kichwa kwa mkono kama wafanyavyo waimbaji wa mjini; matundu ya nyuma yakizibwa, maikrofoni husikia pande zote na filimbi huanza. Zikiwapo maikrofoni nne, tatu zisizotumika zizimwe. Siku za kusi, upepo uingiapo madirishani, kivike kichwa chake kofia ya sponji.

Kwa habari ya spika, ziwe mbele ya maikrofoni, yaani upande wa watu, wala zisiwe nyuma ya msomaji. Ziinuliwe juu ya vichwa, kisha ziinamishwe zielekee viti vya nyuma. Watu wa Bweni huuona mnara wa taa wa Ras Mkumbi, uliojengwa zama za Wajerumani. Aliyeujenga aliielekeza taa baharini waliko mabaharia. Lakini makanisani nimeziona spika zilizoelekezwa darini, kana kwamba mabati ndiyo yanayotaka kuokoka. Kila sauti inayopiga paa na kuta kabla ya kufika kwa watu ni mwangwi mliounulia kwa fedha zenu. Katika Kanisa Kuu la Mtakatifu Paulo, London, ambalo mwangwi wake ni mrefu sana, mafundi wa mwanzo wa miaka ya 1950 walitumia spika zilizopangwa wima kama nguzo, ambazo huitandaza sauti juu ya watu na kuinyima paa. Spika za nguzo zauzwa hata kwetu siku hizi, na kwa kanisa lenye mwangwi ningezichagua kabla ya yale masanduku makubwa ya muziki.

Mafundi wale walifanya na jambo la pili: spika za nyuma walizichelewesha. Kanisa lenye urefu wa mita 20, sauti ya mhubiri huchukua karibu sehemu ya kumi na saba ya sekunde kufika nyuma, lakini umeme hufika mara moja. Ukiweka spika nyuma pasipo kuichelewesha, wa nyuma humsikia mhubiri mara mbili. Zipo miksa zinazoweza kuchelewesha. Asiye nayo aziache spika za nyuma, aziinue zaidi zile za mbele. Yule mama mzee aliyejibu "alikula" alikuwa chini ya spika ya namna hiyo hasa.

Juu ya nguvu, wauzaji hupenda kutaja wati 1,000 na 2,000. Tupige hesabu. Spika nyingi za makanisani, zikipewa wati 1 tu, hutoa desibeli 95 hivi kwa umbali wa mita 1. Umbali ukizidi mara mbili, hupungua desibeli 6. Kwa mita 2 ni 89, kwa mita 4 ni 83, kwa mita 8 ni 77, na kwa mita 16 ni 71. Mazungumzo ya kawaida ya watu wawili walio mita moja ni kama 60. Basi wati moja yatosha kumfikia mtu wa mita 16! Kwa kuwa usemi una vilele, tuweke akiba ya mara ishirini au thelathini. Bado amplifaya ya wati 50 yatosha kanisa la kijiji, na betri ya volti 12 iliyojazwa kwa jua yaweza kuiendesha ibada nzima. Fedha inayosalia inunue maikrofoni njema na waya mzuri. Waya wa maikrofoni usilazwe pamoja na waya wa umeme, maana utavuma kama nyuki.

Huku kaskazini ya Mafia sisi Wakristo tu wachache, na jirani zetu ni Waislamu, watu tunaokopeshana chumvi na kuzikana. Wako watakao spika itundikwe nje, mnarani, ili neno lifike mbali. Mimi nakataa. Adhana ni ya dakika chache, kisha hunyamaza. Mahubiri yetu ni ya saa nzima, na mtu aliyerudi alfajiri kutoka baharini hakuchagua kuyasikia. Tena sheria ipo: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 ilifuatwa mwaka 2015 na kanuni za kuzuia kelele na mitetemo, na nyumba za ibada hazikuachwa nje yake. Anayetaka jirani ajue tunalosema kanisani na amtembelee nyumbani.

Waalimu, kuna jaribio ambalo mtalifanya wenyewe pasipo fundi. Andikeni maneno 20 yasiyo na uhusiano, yanayofanana kwa irabu: kuta, kuja, kula, kufa, pata, bata, kata, tata, na mengine kama hayo. Wekeni watoto wa shule, kila mmoja na karatasi yake, katika pembe zote za kanisa na katikati. Msomaji ayasome mara moja moja, kwa maikrofoni, nao waandike walichosikia. Kisha hesabuni makosa ya kila pembe. Pembe yenye makosa mengi itawaonyesha spika igeuzwe wapi, au gunia la makumbi litundikwe wapi. Geuzeni, kisha someni tena kwa maneno mengine, wasije wakaandika kwa kukumbuka. Katika jaribio la mwisho waketisheni na wazee wawili watatu, wawajibu kwa mdomo.

Mwisho, hewa yetu ya chumvi hula shaba. Baada ya ibada ncha za waya zifutwe kwa kitambaa kikavu, na maikrofoni irudishwe sandukuni, isiachwe juu ya mimbari. Wakati wa kuwasha, amplifaya iwe ya mwisho. Wakati wa kuzima, iwe ya kwanza, ili spika zisipigwe na ule mshindo unaozipasua. Aliye na swali juu ya dari au juu ya betri na aniandikie, nami nitamjibu katika karatasi hii mwezi ujao.